Jina Nililolipandisha Meli

Kabla sijafika Mbamba Bay, ziwa nililijua kama mstari tu. Kwetu huku juu Umatengo, mvua ikikatika asubuhi na mawingu yakainuka, ukisimama mwisho wa shamba letu la kahawa ulikuwa unaona mstari wa buluu kule chini mbali, umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Mama akisema, "Lile ndilo ziwa," mimi mtoto nadhani ni ukuta. Nikajua baba yuko nyuma ya ukuta.

Maana baba alienda huko. Mimi nilikuwa bado wa kuchunga mbuzi. Wanaume wa kwetu siku hizo walishuka ziwani, wakapanda meli, wakavuka ng'ambo, halafu treni, halafu sijui nini, mpaka migodini Afrika Kusini. Wazee walipaita Joni. Wengi walirudi na masanduku ya bati na kofia, na Kizulu cha kuwatishia wake zao. Baba alituma barua moja na blanketi moja. Blanketi tulilala nalo mpaka likawa kama wavu. Barua ya pili haikuja.

Sasa msidhani shida ya mama ilikuwa njaa. Shamba alikuwa nalo, mikono alikuwa nayo, na mashimo ya ngolo, yale tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo, alichimba kuliko wanawake wote wa upande wetu. Shida yake ilikuwa kanisani. Kila mwezi wa kumi na moja katekista alipita nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika marehemu wa kila ukoo wasomewe misa. Akifika kwetu anauliza kwa sauti ya chini, "Mama, na mwenye nyumba, tumwandike?"

Mama anamjibu, "Pita, mwalimu."

Na siku ya kuombea wasafiri hakumtaja pia. Alisema, "Nikimwombea kama mzima, kumbe alishakufa, sala inaenda kwa nani? Nikimwombea kama maiti, kumbe mzima, si nimemloga?" Basi akakaa hivyo, miaka thelathini na zaidi. Alitaka kujua kitu kimoja tu kabla hajafa, yeye ni mke au ni mjane.

Ikaja miaka ile ya ruksa. Waliokuwepo wanaijua. Juzi ulikuwa unafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, leo maduka ya Mbinga mjini yana sabuni za rangi tatu. Wanunuzi wa kahawa wakaja na malori yao mpaka mlangoni, hakuna tena kungoja chama cha ushirika. Mitumba nayo ikaja kwa marobota, na kwenye robota moja nikaona begi. Jekundu, kubwa kama mtoto wa darasa la pili, mikanda huku, mikanda kule, mifuko ndani ya mifuko. Muuzaji mwenyewe alikuwa halijui.

"Mama, hili ni la wanajeshi," akaniambia.

"Jekundu? Wanajeshi gani hao wanaotaka kuonekana?"

Akacheka, nikalichukua, nikasema litabeba maharage. Lakini nilivyolitundika ukutani nyumbani, kila nikilitazama naona safari. Mtu una begi la safari halafu unabebea maharage, si dhambi hiyo? Nikamwambia mume wangu nataka kushuka ziwani, kutembea tu, siku moja.

Akasema, "Unaenda kuona nini? Maji? Maji si yapo hapo kisimani."

"Yale yana upana."

"Haya, kaone upana."

Mama ndiye aliyeelewa. Aliniita jikoni, akaniwekea viazi vya kuchoma na ndizi ndani ya begi, akafunga mfuko, akafungua tena, akafunga. Halafu akasema neno moja tu: "Uliza."

Basi nililala Mbinga mjini kwa ndugu, na alfajiri nikapanda lori la wachuuzi wa samaki, nimekaa juu ya matenga matupu. Dereva akatutangazia kabisa, "Saa kumi jioni nageuza. Atakayechelewa atalala na mamba." Tukaanza kushuka. Ile barabara ilikuwa kona juu ya kona, na kila kona ziwa linajitokeza linajificha. Mstari wangu ukawa kitambaa, kitambaa kikawa shamba, mwisho likajaa mbele yote nikaacha kutafuta cha kulifananisha nacho. Na joto. Mimi nimevaa sweta la Mbinga, na chini yake gauni, na juu yake kitenge. Tulipofika nilikuwa nimeiva kama kiazi.

Mbamba Bay watu wataniambia ni mji mdogo. Kwangu lilikuwa jiji. Kulikuwa na bandari. Bandari yenyewe ilikuwa kibanda cha tiketi, mzani wa mizigo, na watu waliolala juu ya magunia yao, lakini ni bandari, meli inafika hapo na inatoka nchi hii inaenda nchi nyingine. Niliposhuka nikaweka begi kichwani, mikanda inaning'inia mashavuni kama masikio ya mbuzi, nikaanza kutembea. Sikufundishwa, ningejuaje? Kwetu mgongoni anakaa mtoto. Mzigo unakaa kichwani.

Aibu ya kwanza niliipata mchangani hapo hapo. Wanawake wa ziwani wameanika usipa kwenye vichanja, dagaa wale wembamba wa Nyasa, wanang'aa kama sindano. Sasa vichanja vyao ni vile vile vya kwetu vya kuanikia kahawa. Mimi tangu utoto nikipita kwenye kichanja mkono unakwenda wenyewe kugeuza kahawa isivunde. Nikajikuta nageuza. Nageuza kabisa, kwa viganja viwili, na vichwa vya usipa vinakatika.

"We mama," mwenyewe akasimama, mwanamke mkubwa, ana kitambaa cha njano. "Umetumwa na nani?"

"Samahani dada. Nimezoea kahawa."

"Mmatengo," akawaambia wenzake. "Mwoneshe kichanja, yeye anaona kahawa tu. Kesho atawakoboa."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nikacheka, nifanye nini. Akanipa usipa wale waliokatika vichwa kwenye kipande cha gazeti, akasema nikale niache kazi za watu. Hapo ndipo nikamuuliza meli inakuja lini.

"Meli ni ya leo."

"Saa ngapi?"

"Ya leo, nimekwambia. Saa kamuulize nahodha."

Nikamweleza ninachotafuta, mtu aliyepanda meli hapa zamani kwenda Joni, kama yupo mzee anayemkumbuka, au mtu wa ng'ambo anayeweza kuuliza huko mbele. Akaacha kucheka. Akasema, "Dada, hapa kila nyumba ina mtu wake wa Joni. Mimi wangu ni babu." Akanionesha wazee wawili waliokuwa wanashona nyavu. Niliwaamkia, wakaniitikia vizuri, wakaniuliza mimi wa ukoo gani. Nikawaambia. Wakatazamana, maana ukoo wetu ni nusu ya Mbinga. Mmoja akasema, "Tuliwavusha wengi, mwanangu. Wote walikuwa na miguu yenye udongo mwekundu kama wewe." Basi. Nikajua sipati kitu kwa wazee.

Nikaenda kukaa kwenye mawe makubwa kando ya maji, na hapo nikalikuta begi langu. Namaanisha lingine, ndugu yake, la buluu, na juu yake amekaa msichana wa Kizungu anamenya chungwa. Amebabuka pua, ana ndala, gauni la kitenge limeshonwa vibaya. Akanitazama mimi, akatazama kichwa changu, akaziba mdomo.

"Shikamoo mama," akasema. Alikuwa amekaa Songea miezi mingi anafundisha kwa kujitolea, Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea lakini kinafika. "Samahani. Ninaweza kusaidia begi?"

Akalishusha, akaniambia nigeuke. Akapitisha mikono yangu kwenye mikanda, akavuta hapa, akavuta pale, akafunga mkanda tumboni, tak. Niwaambieni ukweli, mgongo wangu ulikuwa umekaa bure tangu kitinda mimba wangu alipokataa kubebwa. Nikashika mikanda kwa mbele kama ninavyoshika ncha za kanga. Yule msichana akadhani imenibana, akauliza kama inauma. Nikamwambia hapana, ni nzito vizuri.

Tukaona wote tunangoja kitu kimoja, meli, basi tukangoja kwa kutembea. Yeye alikuwa msafiri wa kubana sana, na mimi ndiyo kabisa. Kijana wa mtumbwi akaja kutuita, atupeleke mpaka kisiwani kule kwenye mawe. Msichana akamwambia, "Tunaona vizuri kutoka hapa." Nikampenda hapo hapo, maana ndivyo ningesema mimi. Tukala viazi vya mama na usipa wasio na vichwa, ndicho chakula chetu cha mjini. Tukaingia sokoni tukashika vitambaa vyote bila kununua. Tukaingia kanisani, tukakaa benchi la nyuma kwa sababu ya ubaridi, kila mtu akasali kwa lugha yake. Watu wanatutazama, begi jekundu na begi la buluu, wanasema, "Wazungu wawili, mmoja ameungua."

Mchana tukapanda juu ya jiwe. Siku ilikuwa safi, ng'ambo milima ya Malawi inaonekana kama moshi. Mimi moyoni nikawa nasema, kumbe baba hakuwa nyuma ya ukuta, kumbe palikuwa wazi hivi, mtu akitaka kurudi anaona kabisa kwao. Nikamuuliza yule msichana, "Wewe ukivuka unaenda wapi?"

"Malawi. Halafu nashuka, nashuka, mpaka Afrika Kusini. Sasa wamefungua."

"Una kazi huko?"

"Hapana. Naenda kuangalia tu."

Niligeuka nikamtazama vizuri. Anaenda kuangalia. Njia ile ile, maji yale yale, mpaka kule kule, na yeye anaenda kuangalia tu na kurudi kwa mama yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia yote, barua, blanketi, daftari la katekista, mama asiyejua kama ni mke au mjane. Alisikiliza mpaka mwisho, na pale asipoelewa aliuliza tena. Halafu akatoa daftari na kalamu.

"Nitauliza," akasema. "Kila mahali nitauliza. Jina lake nani?"

Sasa hapo. Kwetu mtoto hamtaji baba kwa jina, wala mke hamtaji mume. Mama alisema "baba yenu", majirani walisema Baba Fulani, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Na mimi nikasema hivyo hivyo, Baba Fulani, nikaongeza ukoo.

Msichana akaandika, akanitazama. "Hili ndilo jina lake?"

"Ndilo. Kila mtu anamjua hivyo."

"Kila mtu?"

"Uliza mlimani kwetu hata kuku," nikamwambia.

Nikamwandikisha na sanduku la posta la parokia yetu. Na maneno ya kusema akimpata nikampa, asiseme mengi, aseme tu mama yuko pale pale na anauliza.

Meli ilikuja kwenye saa tisa. Kwanza ilikuwa doa, halafu ikawa nyumba, nyumba inayotembea juu ya maji, na pale ufukweni watu wote waliokuwa wamelala wakaamka kwa pamoja kama kuku walioona punje. Haikusogea mpaka mchangani, ilisimama mbali, abiria wakapelekwa kwa boti. Yule msichana akanikumbatia na begi langu mgongoni na begi lake mgongoni, mikono haikutosha. Akapanda boti. Nikaingia ziwani mpaka maji yakafika magotini na gauni likalowa, nikamwona anapanda ngazi ya meli, kitu kidogo cha buluu, anapunga daftari lile. Hakupunga mkono. Alipunga daftari.

Lori likapiga honi, nikakimbia.

Njia nzima ya kupanda niliimba nyimbo za kanisani mpaka wachuuzi wakaniomba nipumzishe. Jina la baba yangu liko kwenye meli, nitanyamazaje? Kila kona nageuka naangalia, na meli nayo ilikuwa imeondoka, inavuka, inapungua. Kwenye kona ya mwisho sikuiona tena, nikaona mstari.

Nililala tena Mbinga mjini, na kesho yake nilimkuta mama uani anapukuchua mahindi. Nikakaa chini na begi langu bado mgongoni, nikamsimulia tangu vichanja vya usipa. Alicheka. Nilipofika kwa msichana akaacha mahindi. Nilipofika kwenye daftari akashika gunzi kwa mikono miwili.

"Ukamwambia anaitwaje?"

Nikamwambia nilivyosema.

Mama akaanza kucheka tena, lakini cheko hilo lilikuwa lingine, la mtu aliyechoka. "Mwanangu," akasema, "kule Joni nani anamjua kaka yako? Kaka yako alizaliwa hapa. Hilo jina ni la kwetu hapa mteremkoni, ukishuka mpaka Kitai tu limekwisha. Kule anaitwa jina lake."

"Jina lake lipi?"

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto sita, na sikuwa najua. Kwenye cheti changu cha ubatizo limo, lakini cheti kinakaa kwa padre, na kusoma kwangu kwenyewe ni kwa kuungaunga, nilitoka shule darasa la tatu. Mama akageuza uso upande wa kahawa. Akalitamka. Jina la ubatizo kwanza, halafu lile alilopewa na bibi yake akiwa mchanga. Alilitamka polepole, anapima kila kipande kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ndipo nikajua baba yangu ana jina zuri. Nikalirudia. Mama akasema, "Usilipige kelele." Lakini jioni ile, anapika, nilimsikia analisema tena peke yake.

Miezi ilipita, mvua zikaja zikaisha, na katekista akaniletea kadi kutoka parokiani. Ilikuwa na picha ya mji wa bandari, meli zimejaa kama ng'ombe kwenye josho. Nyuma kuna maandishi ya Kiswahili, mwalimu wa shule akatusomea. Msichana anasema yuko huko, ameona mengi. Anasema anamuuliza kila mzee anayesikia ametoka kaskazini kama anamjua Baba Fulani wa ukoo fulani. Wengine wanamcheka, lakini wanamsaidia kuuliza. Anasema, mama asikate tamaa, bado anatafuta.

Nikamwambia mwalimu, "Tumwandikie sasa hivi, tumpe jina lenyewe."

Mwalimu akageuza kadi mbele, akageuza nyuma. "Hajaandika anuani," akasema.

Mama akaomba kadi aishike. Aliitazama ile picha muda mrefu, kidole kinapita juu ya meli moja moja. Akauliza, "Katika hizi, ipi inarudi?"

Kadi nyingine haikuja. Mama alifariki miaka michache baadaye, asubuhi, mvua imekatika na ziwa linaonekana. Padre akaniuliza pembeni, kwa ajili ya kitabu chake, marehemu alikuwa mke au mjane. Nikamwambia, "Hatujui, padre." Akaandika kitu, sikuuliza ameandika nini.

Sasa mimi ni bibi, na wajukuu wananicheka, nawaacha wacheke. Lakini nikiwa stendi na nikaona Mzungu au kijana yeyote ameshuka basi na begi kubwa la mikanda, siwezi kupita. Namwamkia. Namuuliza anakwenda wapi. Akisema anavuka, anashuka kusini, namwambia toa daftari. Mjukuu wangu mmoja alinivuta kanga mbele za watu, akasema, "Bibi, huyo babu angekuwa anakaribia miaka mia."

"Hesabu najua," nikamwambia. "Kwani nimesema atakuja kwa miguu?"

Wa mwisho nilimpata Kitai, basi lilipopata pancha. Kijana mrefu, hana hata Kiswahili cha kuombea maji, mjukuu ndiye aliyetafsiri huku amenuna. Hakuwa na daftari, siku hizi wanaandika kwenye simu. Nikamtajia jina la ubatizo, nikamtajia na lile la bibi yake, kipande kwa kipande, naye anabonyeza. Nikamwambia mjukuu, "Mwambie alisome, nisikie kama amelipatia."

Kijana akasogeza simu karibu na uso, akalisoma, kwa sauti, pale barabarani. Alikosea kidogo mwishoni. Nikamrekebisha, akalisoma tena.